F Inakataa

Jumatano, mtaani Majimbo

Bado F inakataa, ule mkao wa vidole kwenye gitaa. Kidole cha kwanza kinatakiwa kubana nyuzi zote sita pamoja, lakini changu kinabana tatu tu, zingine zinakoroma. Hii ni wiki ya tano tangu ninunue gitaa. Kazi ya chuo ya Ijumaa hata sijaigusa.

Na leo mchana Baba akapiga simu kutoka Timau, amefurahi kabisa. "Nimeambia mwalimu wa kwaya uko na gitaa. Jumapili utatupigia kanisani."

Nikasema sawa. Kwa nini nilisema sawa?

Nikazunguka chumba. Nikaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Jioni nikampigia. "Baba, sijui kupiga. Najua G na C peke yake."

Nikajua nimemwaibisha kwa watu wake.

"Hebu nisikie hizo mbili," akasema.

Nikaweka simu kitandani, nikapiga. G, C, G. Nilipomaliza, nikamsikia akimwita Mama kutoka jikoni: "Kuja! Kuja usikie Kendi!"

Nimerudia hizo mbili mara nne, wakisikiliza. Jumapili bado sijui itakuwaje.