Ndiyo, Afande

Binti yangu,

Nina miaka sabini na tisa, nimezika mabwana jela watatu, na kwa kupiga deki vijana hawanipati. Lakini humu kuna jambo la kutapisha. Mwenzangu wa mkeka, mtu mzima mwenye akili ya mtoto, kila aulizwacho hujibu ndiyo. Jana nikamwambia askari amuulize kama yeye ni kuku.

"We kuku?"

"Ndiyo, afande."

Askari wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kwa ndiyo hiyohiyo mahakama ilimfunga miaka saba, ati kakiri wizi! Kinyaa kitupu.

Jumatatu ni rufaa yake. Wewe mwalimu, muombe hakimu akuruhusu ukae na mwenzangu huyu, umfafanulie maswali polepole. Mimi nimeshamfundisha kusema "sijaelewa". Nani mwingine angeweza?

Ukiona najisifu, muulize mpishi wa gereza. Naye alicheka habari ya kuku, kisha nilipomwambia ndiyo hiyo ndiyo iliyomfunga mtu, chakula kikamshinda kula.

Baba yako