Kibuyu cha Wakwe

Jumanne, 25 Juni 2024. Bukoba.
Daktari amenichorea ubongo nyuma ya karatasi ya dawa. Kiharusi kimepiga shina lake, penye neva za macho, uso na koo. Kumbe ndiyo maana Tata, baba yangu, anaona milango miwili, mdomo umekwenda upande, sauti imebaki pumzi. Na hamezi vizuri. Maji yanapotelea mapafuni. Kila kinywaji kiwe kizito kama uji. Kidevu chini, ameze mara mbili. Akikohoa nishukuru, kasema daktari. Niogope akinyamaza – koo lake halihisi tena.

Jumatano, 3 Julai. Ijumbi.
Nyumbani. Uji kikombe kimoja, dakika arobaini. Wakwe wanakuja kuniposa tarehe 13. Nikasema tuahirishe. Tata akatikisa kichwa – hapana! Shangazi Kokubanza kanicheka: msichana gani huyu anayemfukuza mume kwa kijiko cha uji?

Ijumaa, 12 Julai.
Kikao kizima juu ya rubisi, pombe ya ndizi watakayoleta wakwe. Baba wa binti ndiye wa kuonja kwanza. Asipoonja, hajakubali. Baba mdogo Rutaihwa akajitolea kuonja badala yake. Tata akavuta pumzi mpaka sauti ikatoka: kwani binti ni wako?

Nimempigia simu Datius, mchumba wangu. Wakoroge unga kidogo kwenye rubisi iwe nzito, nimemwomba. Akaguna: pombe gani ya posa inakorogwa unga, wazee watamwonaje? Lakini atajaribu.

Jioni nimemfundisha Tata tena. Kidevu chini. Alinitazama kwa jicho moja, lingine amelifumba. Nikifumbua na hili, akanong'ona, itabidi niozeshe wawili. Nilicheka. Kisha nikaenda migombani kulia.

Jumamosi, 13 Julai.
Niko chumbani, sitoki mpaka niitwe. Daftari magotini. Wamefika. Shangazi anawatania: mmepotea njia, hapa hakuna binti! Vicheko.

Nimechungulia kwenye tundu la kitasa. Rubisi inamiminwa – nyepesi kama maji. Datius anatazama viatu vyake.

Nikitoka sasa, nimemwaibisha Tata mbele ya wakwe. Nisipotoka –

Amekataa kusaidiwa. Amekishika kibuyu mwenyewe. Kidevu chini, Tata. Chini! Amekiinua. Kama mwanamume mwenye nyumba yake, amekiinua.

Vigelegele. Amekunywa, amekubali! Shangazi analiita jina langu, nitoke nionekane.

Nimebana sikio mlangoni. Wote wanapiga makofi. Siwasikilizi wao.

Hajakohoa.