Fundi Bomba wa Wadi ya Wanawake

Kwako Mama, mzazi wa mume wangu,

Shikamoo yangu itangulie, na salamu nyingi nyuma yake. Hujambo? Na tumbo je? Sisi huku wazima, mwanao mzima, wajukuu wako wazima na kelele zao. Tangu shemeji alete habari kwamba umemaliza sahani ukaomba nyingine, nimemshukuru Mungu mpaka wenzangu kazini wakaniuliza nimeokota nini. Mama, nimefurahi kwelikweli!

Shemeji amenieleza pia kuwa Alhamisi unatakiwa urudi kwa kipimo cha utumbo, kwamba tumbo lazima lisafishwe tena kwanza, na kwamba umeapa hukanyagi hospitali ila uhakikishiwe ni "yule nesi bubu mwenye mikono ya huruma". Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unaikumbuka siku ile. Siku ya tisa hujapata choo, tumbo limekaza kama ngoma, na daktari keshasema lisipofunguka mchana ule utapasuliwa. Alipotamka kwamba utapigwa bomba, ulimjibu kwa raha zako kuwa basi aitwe mkweo, yaani mimi, ni fundi bomba hapohapo hospitalini, hata bomba lako la jikoni alilizibua yeye. Wadi nzima ilivunjika mbavu! Alipokufafanulia bomba lenyewe linapitia wapi, ulijifunika shuka gubigubi ukasema haya, aje yeyote, ila mkweo asisogee, utamtazamaje tena usoni?

Nesi alikukuta umelalia ubavu wa kushoto, goti la kulia umelikunja, uso ukutani. Alianza na mafuta, kidogo tu, ya kulainisha. Hayo huzuiwa ndani nusu saa. Kisha maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ya kusafisha, baada ya kuyajaribu kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Mpira utokao kwenye kopo la maji hupakwa mafuta, huingizwa taratibu, na kopo haliinuliwi juu sana, maana maji yakija kwa pupa tumbo husokota. Ulipokaza mwili alilishusha kopo, akakugusa bega mara mbili, nawe ukavuta pumzi. Yako na mabomba ya dawa, yanayoachwa mwilini yafanye kazi, lakini wewe hukuyahitaji. Maji yalipoisha, robo saa haikupita ulikuwa chooni unamsifu Mungu kwa sauti, na wadi nzima ikaitikia amina!

Sasa kaa kitako, Mama. Utajiuliza nimeyajuaje ya kopo na ya bega. Nesi yule ni mimi.

Miaka kumi na moja iliyopita mwanao alikwambia niko upande wa mabomba. Ukadhani ni ya maji, ukanitangaza kwa majirani, nami nikaona haya kukusahihisha. Lile la jikoni nilielekezwa na fundi wa kweli, nikalizibua huku nasali. Siku ile nesi mwenzangu alikuwa anaumwa, hapakuwa na mwingine, na katazo lako nililisikia nikiwa nyuma ya pazia, kopo mkononi. Nikavaa barakoa, nikafunga mdomo. Nilijiambia nakuokoa na kisu, na ni kweli, lakini ruhusa yako niliiiba. Kwa Mungu nimetubu, kwako bado. Nisamehe, Mama.

Sirudii tena kwa hila. Alhamisi mwenzangu atakuwepo, ni mpole. Ukimtaka yeye, nitakaa nje ya pazia nikuombee. Ila usiache kuja, nakusihi, kipimo hicho ndicho kitakachoonyesha ni nini kilikuziba. Na ukinitaka mimi, geukia ukuta kama siku ile. Safari hii utanisikia: Mama, vuta pumzi, ni mimi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Bomba la jikoni likiziba tena, ita fundi. Lakini majirani usiwaambie kitu, waache waendelee kunisifu.

Ni mimi mkazamwanao akupendaye,
Fundi Bomba