Uso Wako Kifuani kwa Mheshimiwa

Jikoni, Ofisi za Bunge,
Ghorofa ya chini.
Alhamisi, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Mbishi,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu naye hajambo? Na mtoto, ameshaota meno au bado anawang'ata kwa ufizi? Sisi huku wazima, ila goti langu linalalamika kila nikipanda ngazi na birika. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei tangu tugombane juu ya safari yako ya kurudi nyumbani. Sawa. Barua huwezi kuikata katikati.

Unajua nilimwomba yule mbunge tunayemwita Mama Miwani amsemee Kaka Mkubwa, aliyefungwa kule nyumbani kwa sababu gazeti lake lilithubutu kuandika kwamba kura ziliibwa. Mama Miwani alikubali bila kuzungusha maneno. Akataka picha. Nikamwambia Mama yetu ampe wakili wa Kaka, naye aitume moja kwa moja.

Basi wiki iliyopita nikaingia ukumbi wa kamati na toroli langu la chai. Nikakuta wabunge wote wamesimama, wa chama hiki na cha kile, watu ambao siku nyingine hawapeani hata sukari. Kila kifua kimebandikwa picha ya mwandishi au mpigania demokrasia aliyefungwa nchi za mbali. Nikainua macho nimwulize mwenyekiti kama anataka maziwa. Mdogo wangu, kifuani pake ulikuwa wewe!

Sisemi mtu aliyefanana nawe. Nasema wewe, na lile koti uliloazima kwa Kaka ukaondoka nalo, ukalivaa kwenye harusi yako huko, mabega yamekushuka, na kovu lako juu ya jicho. Nilijua umekwenda nyumbani kimyakimya na wameshakukamata. Chai nikaimimina kwenye sahani, ikamwagikia suruali ya mheshimiwa, na masikini hakupiga hata kelele. Nadhani sura yangu ilimtisha kuliko moto wa chai.

Kisha Mama Miwani akaanza kusoma majina. Alipofika kwa mwenyekiti, akasoma jina la Kaka Mkubwa. Wakainamisha vichwa kwa heshima yake, kamera zikapiga, nami nimeng'ang'ania toroli, sijui nicheke au nilie. Watu wamesema tangu zamani kwamba mmefanana kama shilingi kwa ya pili. Lakini mama mzazi akosee?

Jioni ile uko kwenye kila televisheni. Nikampigia Mama kwa simu ya jirani yake, fundi cherehani.

"Mama, umetuma picha ya Mbishi!"

"Najua."

"Unajua?"

"Macho yananisumbua nikitunga uzi, mwanangu. Wanangu nawaona."

Kumbe habari zako zote anazo. Alijua kwamba mwisho wa mwezi unataka kuvuka mpaka ukafungue tena ofisi ya gazeti. Alikusihi, ukamcheka. Ukamwambia pale mpakani hakuna anayekujua sura, maana uliondoka hata ndevu huna. Basi yeye akahakikisha wanaijua. Na wakili, anayemwona Kaka kila mwezi, naye alijua akanyamaza! Wazee hawa wameniacha hoi.

Nilimkasirikia, sikufichi. Nilimwuliza kama haoni anacheza na kifungo cha mwanawe. Nilidhani Kaka ataumia akisikia.

Leo wakili amepiga simu. Alimpelekea Kaka lile gazeti lenye picha. Anasema Kaka alilitazama, akacheka mpaka askari akaja kuuliza kulikoni, kisha akafuta machozi, akasema waiache hivyo hivyo, na wewe koti lake ulirudishe akitoka. Wamemhamishia chumba chenye dirisha na dawa zake za pumu anapewa. Yote hayo tangu wabunge wasimame. Mimi ninayewapelekea chai miaka yote hii sikuamini kwamba kusimama kwao kunaweza kufungua hata kabati, seuze dirisha.

Lakini sikiliza vizuri. Askari wa gereza wanajua yule wa pichani si mfungwa wao, na wameanza kuuliza ni nani. Hata yule wa mpakani anayesinzia zamu nzima sasa atakutambua. Usiende. Ukitaka kumsaidia Kaka, andika makala ukiwa huko huko, Mama Miwani yuko tayari kuisoma bungeni. Mimi sijamwambia kitu kuhusu picha, na sitamwambia. Kama unataka kunikasirikia, nikasirikie, ila usiende.

Msalimie wifi, mbusu mtoto hapo penye ufizi. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukaidi wako ungekuwa umeme tungewasha mji mzima. Mola akuzidishie umri, na akili kidogo.

Mama naye anakusalimu. Hakutaka niongeze wala nipunguze, nami naandika alivyosema: "Mwambie mmoja wamenifungia ndani. Yeye nimemfungia nje kwa mkono wangu mwenyewe, na nitakufa bila kumwona. Anisamehe."

Wako akupendaye hata ukinikatia simu,

Dada