Kwa Jina la Baba Eveline

Baba Eveline,

Ugali upo kwenye hotpoti, maharage pasha mwenyewe. Nimeenda kwa dada, mtaa wa Soweto.

Asubuhi kwenye sala, mbele ya watoto na mama yako, umemwomba Mungu aniondolee roho ya uvivu na ya mdomo, kwa jina la Yesu. Wote wakaitikia amina! Yesu alikutuma lini? Kuomba kwa jina lake ni kuomba anachokitaka yeye, siyo kunisema mimi ukiwa umefumba macho.

Ulipotoka tu, jogoo wako mwekundu nimempeleka kanisani, auzwe kwenye mnada wa Jumapili. ~~Nisamehe~~ Nimesema wewe ndiye uliyenituma. Mchungaji amekuombea baraka, nikaitikia amina kwa sauti.

Mbwa hajala.

Mama Eveline