Chefu Habamushikake Mukono

Siku ya kwanza ya juma, 7/7
Ndoo ya maji, sabuni, cache-nez ku uso. Kila siku ile ile. Baridi imekamata mutaa yote ya Hewa Bora, bantu beko nakohola mupaka ku barabara. Mwenye kufunika pua iko mi moja tu. Beko nanicheka. Trésor, jirani, ananiita docteur ya troisième, juu niliachia masomo ku troisième, mwaka ya tatu ya sekondari. Nilimujibu: mi niliacha masomo, weye masomo ilikuacha. Niko mukali, mi.
Lakini nimechoka.

Siku ya pili, 8/7
Kila muntu wimbo moja: korona ilikwisha, ilikuwa ya bazungu na ya televizyo. Sawa. Nkambo, baba ya mama, alichimba shaba ku mugodi ya Kambove mupaka uzee. Vumbi ilikula mapafu yake. Docteur ya hospitali ya Makomeno alisema wazi: korona ingali inatembea, na huyu muzee, ikimukuta, haamuke tena. Mama anashinda ku soko. Basi mulinzi njo mi. Muntu hakunichagua.

Siku ya ine, 10/7
Ndugu mudogo ya Nkambo alikufa ku Likasi. Kilio iko kwetu, juu Nkambo njo mukubwa ya jamaa. Hema ku kiwanja, viti, bantu ya kulala. Kila mwenye kuingia anamushika Nkambo mukono, anamulilia ku bega. Nusu yao beko nakohola. Niliomba bavae cache-nez. Bure. Tantine Béa, dada mukubwa ya mama, alinivua yangu mbele ya bote.
“Unafunika pua, sisi tunanuka?”
Nilikuwa na hasira ya kupiga muntu.

Siku ya tano, 11/7
Nilidanganya. Muzuri sana. Nilisimama ku mulango ya hema, nikatoa sauti nzito: tangu jana Nkambo amekamata kiti ya ukoo. Chefu habamushikake mukono. Unapiga magoti mbali, unapiga makofi, ginsi bankambo bote balifanya.
Balitii. Bote! Trésor na jeans yake mupya, magoti ku vumbi. Ku ugonjwa habasikie, ku kiti ya ukoo mara moja. Hakuna aliuliza nani alimupa kiti. Nilicheka ndani ya cache-nez mupaka machozi.

Yenga, siku ya kanisa, 13/7
Kilio imeisha. Uongo yangu haiishe. Majirani banapigia Nkambo makofi kwenye dirisha, banaenda. Tantine Béa amekataza muntu kula naye: chefu anakula peke yake. Bukari, ugali yake, inarudi nzima. Anaangalia ukuta.
Mapafu ninailinda. Mwenyewe anaisha.

Siku ya pili ya juma, 15/7
Nkambo aliniita. Nilisimama ku mulango, kama kawaida.
“Mutoto, chefu habamushikake mukono. Na maiti vilevile.”
Mi, mwenye kujibu bote, nilimukumbusha korona tu. Akasema anajua. Hata ku mugodi balijua jiwe inaweza kuanguka.
“Tulivaa kofia, tukashuka. Hatukulala ku nyumba.”

Siku ya tatu, 16/7
Sikulala muzuri. Asubuhi nilizunguka kwa majirani na ku jamaa: chefu anataka kukaa na bantu. Viti inje, ku jua. Mwenye kukohola abakie kwake. Mwingine anawe mikono, avae cache-nez. Chefu njo amesema. Mara hii haikuwa uongo sana.
Tantine Béa alishona yake na kipande ya kitenge. Anajiona muzuri, kumbe anafanana na mwizi ya kuku. Nilimuambia. Alinitupia kiatu.

Posho, siku ya sita, 19/7
Trésor alikuja na kukohola. Nilimurudisha ku mulango. Nilingoja matusi. Akavuta kiti, akakaa barabarani, akaanza kumupigia Nkambo, kupitia juu ya ukuta, hadithi ya mupira. Nkambo alimwita muongo. Muzee alikula bukari, akaomba mboga ya sombe ingine.

Yenga, 20/7
Bantu balienda kanisani. Tulibakia wawili ku jua, mi na Nkambo. Nilinawa, nikavaa cache-nez, nikakaa karibu. Alikamata mukono yangu bila kuomba. Yake iko baridi, ngumu, ya kuchimba. Alikohola mara moja, nikaogopa. Haikufuata ingine.
Sijue kama nilifanya muzuri. Alisinzia. Sikutoa mukono.