Mgongo wa Mikro

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, Bukavu yote inateleza, na mimi nimeamka mutu mukubwa.

Katika mji huu hakuna mikro nisiyoijua.

Sawa, uongo. Miaka yote hii pale redioni kazi yangu ni kupokea wageni, kuwaonyesha kiti na kupanguza vumbi kwenye mikro, kile chuma wanachosemea. Shule niliiacha mapema, tulichoshana. Lakini jana niliharibu kitu, na hiki sikifanyii mzaha.

Alikuja Maman Nsimire wa Kalehe. Walipokimbia vita, alipotezana njiani na mudogo wake, Furaha. Alitaka kumuambia kwa redio kwamba yuko hai, yuko Nyantende, amufuate huko. Nikamukalisha mbele ya mikro, nikakaa kando, karibu na mulango. Akasogeza kiti, akanigeukia.

“Papa, niongee na chuma na wewe uko hapa? Si nitakukosea adabu?”

Nilivimba kama chifu. Nikamuacha aseme na mimi, mikro ikabaki inatazama dirisha.

Tuliposikiliza tulichorekodi, ni jenereta ya nje iliyokuwa inatoa tangazo. Nyantende haikusikika kabisa.

“Papa, wewe mikro unajua kuipanguza tu!” Huyo ni Yvonne, fundi wetu wa sauti. Hana huruma na wazee.

Leo nimemulazimisha anifundishe. Iko mikro inayosikia pande zote, kama jirani yangu. Iko inayosikia mbele na nyuma, mbavuni kiziwi. Hiyo inafaa watu wawili wanaotazamana. Yetu inasikia mbele, pembeni kidogo, mgongoni karibu hakuna kitu. Eti usikivu wake wanauchora kama moyo. Moyo gani huo? Wangu unasikia hata wanaonisema nyuma.

Mchana Maman Nsimire akarudi. Nikaelekeza mgongo wa mikro kwenye dirisha, nami nikakaa palepale nyuma ya mikro. Sasa atanitazama kwa heshima zake zote, na sauti itapita kwenye mikro tu. Ikapita. Nyantende safi, Furaha safi.

Kuanzia leo hakuna mgeni atakayefungua mudomo kabla sijajua mikro inatazama wapi.

Tangazo linatoka kesho jioni. Papa Déo wa Walungu, wewe unayejifanya hunisomi: antena yako niliipandisha mimi juu ya mabati, nikateleza mbele ya mukeo, na bado hujanirudishia ule wema. Fungua redio kesho, nyamazisha nyumba yote, kisha uniambie kitu kimoja tu.

Jina la Furaha linafika huko?